Kazi Iliyofichwa Chini ya Usukani

Ukiambiwa gari lina alamu nzuri, usianze kwa kubonyeza rimoti. Piga goti kando ya mlango wa dereva, ondoa kava ya plastiki iliyo chini ya usukani, umulike humo kwa tochi ya simu. King'ora kimetoka kiwandani na sauti yake, na indiketa kukonyeza mara mbili hakuhitaji ustadi wa mtu. Alichofanya fundi kiko kule ndani, kwenye bunda la waya zinazotoka kwenye swichi ya ufunguo. Humo ndimo anamohukumiwa.

Magari ninayoyasema ni haya ya kila siku: Probox zinazobeba watu kati ya Rongo na Homa Bay kupitia Rodi Kopany, Corolla za miaka ya 1990 zinazoitwa 100 na 110, Hiace za dizeli, pikapu zinazoteremka Macalder hadi Sori. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Corolla ya 1996 unayoiona Awendo imekaa nchini miaka ishirini na zaidi, na katika muda huo imelaliwa chini na mafundi wengi. Probox za kwanza zilitoka kiwandani mwaka 2002. Nazo sasa ni za zamani, ingawa bado tunaziita gari za kazi.

Kwa magari kama hayo kipimo changu ni hiki: fundi asiyemjua aliyefunga alamu aweze, kwa mita na subira kidogo, kuisoma kazi ile na kuitoa yote, gari likabaki kama lilivyotoka kiwandani. Gari la zamani huku kwetu haliishi na fundi mmoja. Leo liko Migori mjini, mwakani litauzwa Oyugis, litazimika karibu na Kendu Bay usiku wa mvua, na atakayeinama kulitazama hatakuwa na namba ya simu ya aliyeunganisha waya. Kazi isiyosomeka humgeukia mwenye gari siku hiyo.

Nyingi za alamu hizi huja na kiwashio cha rimoti, nacho kilizaliwa kwenye baridi. Kanada na Alaska, mtu hubonyeza akiwa bado jikoni, injini ikapata joto na barafu ikayeyuka kwenye kioo kabla hajavaa koti. Homa Bay hakuna barafu. Hapa kinatumika kupoza gari lililoanikwa juani sokoni tangu asubuhi, likiwa na kipoza hewa kinachofanya kazi, au kinatumika kwa majivuno, nami sioni ubaya wa majivuno yanayolipiwa na mwenyewe. Lakini wengi hawakukiomba. Walinunua boksi la alamu kutoka China, kiwashio kikaja humohumo, na fundi akaunganisha kila waya aliouona mradi upo. Aliyelibuni boksi hilo alikuwa na gari la petroli lenye gia za kujibadili akilini mwake. Corolla ya gia za mkono inayolala kwenye mteremko wa kuelekea ziwani hakuifikiria.

Ili kuelewa unachokitazama pale chini, fikiria mkono wako ukizungusha ufunguo. Kuna waya mnene, mara nyingine mbili, unaoleta moto wa betri wakati wote. Kuna waya wa redio na vitu vidogo, ambao hupata moto ukizungusha kidogo, kisha hukatika stata inapozunguka ili betri isigawanywe. Kuna waya wa injini, ambao hubaki na moto kabla ya stata, wakati wa stata na baada yake. Halafu upo wa stata yenyewe, ambao una moto kwa sekunde ile moja au mbili tu. Boksi la kiwashio ni rilei kadhaa zinazouiga mkono huo kwa mpangilio uleule. Fundi akikosea akauchukua waya wa redio kuwa wa injini, stata itazunguka vizuri na injini haitashika hata kidogo, kwa sababu stata inapozunguka, waya wa injini hauna moto. Utamsikia akilaumu petroli, kisha plagi, kisha boksi.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kumwangalia fundi, kabla hajakata kitu, ni jinsi anavyozitafuta waya hizo. Asiyejua huuliza rangi. Rangi ni mwongozo kwa gari ambalo halijaguswa, na la aina hiyo hutalipata Migori. Anayejua huweka mita kwenye waya, hukuomba uzungushe ufunguo polepole, hatua moja moja, na hutazama namba. Atakwambia, "Rudia," na utarudia. Akiridhika hufunga kipande cha tepu na kuandika jina la waya kwa kalamu. Dakika zile za ukimya zina thamani kuliko saa nzima ya kukata na kubana.

Kuna mafundi wanaotembea na balbu ya kujaribia pekee: balbu ndogo, sindano upande mmoja, kibanio upande mwingine. Kwenye Peugeot 504 balbu ilitosha. Kwenye gari lenye kompyuta ya injini, balbu inavuta mkondo ambao saketi ndogo za kompyuta hazikutengenezewa kuubeba, na ikigusa waya za mfuko wa hewa zilizovishwa rangi ya manjano inaweza kuufyatua ukiwa umeinamisha kichwa hapo hapo. Rangi hiyo ya manjano ndiyo pekee ninayoiamini bila mita. Fundi anayeichoma sindano, mshukuru kwa muda wake na uondoke na ufunguo wako.

Humo chini utakuta pia historia. Ukifungua Hiace iliyowahi kuwa matatu, huenda ukakuta mabaki ya kidhibiti mwendo, kifaa ambacho matatu zote zililazimishwa kukifunga kuanzia Februari 2004 chini ya kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Kidhibiti kiling'olewa zamani, waya zake zikaachwa zinaning'inia. Juu yake kuna waya za redio ya kwanza, za redio ya pili yenye spika kubwa, za taa za ukungu, na siku hizi za kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na waliomkopesha mwenye gari. Fundi mzuri hapandi juu ya kifusi hicho. Huuliza ruhusa ya kutoa kilichokufa, na hiyo ni kazi anayostahili kulipwa. Kifaa cha mkopeshaji hukiacha, na hukwambia amekiona. Ukiona alamu mpya inang'aa juu ya rundo la waya zilizokufa, basi aliyeifunga hakujua ipi inafanya nini, na hakutaka kujua.

Sasa maungio yenyewe, ambayo ndiyo moyo wa kazi. Namna mbaya kuliko zote ni waya kusokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi ya bei rahisi. Siku ya kwanza unapitisha umeme kama mwingine wowote. Lakini gari lililoegeshwa kwenye jua la Homa Bay hupika kila kilicho nyuma ya deshibodi. Gundi ya tepu huyeyuka, tepu hujiviringua na kuacha ute unaonata kwenye vidole, na shaba inabaki uchi ikicheza karibu na bati. Kwenye barabara ya changarawe inayotikisa gari mchana kutwa, msokoto hulegea wenyewe. Ukiona ute huo, usihesabu maungio mengine. Umekwisha kuijua kazi.

Inayofuata kwa ubaya ni vile vibanio vya plastiki vya kubana juu ya waya bila kuukata, vyenye kisu kidogo cha bati ndani. Ni vya haraka na fundi huvipenda. Kisu kile hukata nyuzi kadhaa za waya, kikigusa zilizobaki kwa ukingo mwembamba. Kwa waya mdogo wa taa ya mlango nitavumilia. Kwenye waya wa stata au wa injini sivumilii, kwa kuwa mkondo wake ni mkubwa na ukingo ule hupata moto, hubadilika rangi, na siku moja gari linagoma bila sababu ya kuonekana.

Mafundi wazuri hugawanyika kati ya wanaolehemu na wanaobana kwa koleo maalumu, na mabishano yao hayana mwisho. Kulehemu kuzuri hutambulika kwa macho: risasi imepenya kati ya nyuzi, inang'aa, umbo la nyuzi bado linaonekana chini yake. Donge la kijivu lililokaa juu kama tone la nta halikupenya. Chuma hakikuwa na joto la kutosha. Wanaobana husema kwamba risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu, kisha unakatika pale ugumu unapoishia kwa sababu ya mtikisiko. Ni kweli, isipokuwa kama waya umefungwa vizuri kwenye bunda ili kiungio kisicheze. Mimi nakubali zote mbili. Ninachokikataa ni kiungio kilicholehemiwa kikaachwa kinaning'inia, na kiungio kilichobanwa kwa meno ya koleo la kawaida. Chukua waya kwa vidole viwili pande zote za kiungio, vuta kwa nguvu kidogo. Kiungio kizuri hakiongezi hata unywele.

Fundi mwenye jicho utamjua pia kwa kitu ambacho hukukitarajia: hapangi viungio vyote mahali pamoja. Anakata waya mmoja hapa, mwingine sentimita kadhaa mbele, ili vikifungwa pamoja bunda lisivimbe na viungio visisuguane. Halafu anavifunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na bunda zima analizungushia tepu ya kitambaa inayofanana na ya kiwandani. Mwisho unatazama na huoni mahali alipoingilia. Hapo ndipo mtu hutoa pesa bila kunung'unika.

Angalia na waya aliotumia. Wapo wanaochukua waya wa kuweka umeme nyumbani, wenye nyuzi chache nene, kwa kuwa duka lipo jirani. Ukutani waya huo hautikisiki, ndiyo maana unadumu. Garini nyuzi nene hukatika moja moja ndani ya ganda na huwezi kuona. Waya wa gari una nyuzi nyembamba nyingi na unapinda kama kamba. Unene nao una maana: waya za boksi zinazobeba mkondo wa injini na stata hutoka kiwandani zikiwa nene, na fundi akizirefusha kwa waya mwembamba amezifanya fyuzi bila kujua.

Fyuzi halisi je? Iwe karibu na mahali moto unapotoka. Ikiwa waya unatoka kwenye betri, ukapita mita moja na nusu ndani ya chumba cha injini, ukavuka ukuta wa bati, ndipo ukafika kwenye fyuzi chini ya deshibodi, mita hiyo moja na nusu haina ulinzi. Pale unapovuka ukuta, tundu liwe na mpira wake. Bati tupu hukata ganda la waya polepole, na gari likiwaka moto watu watasema lilikuwa zee.

Waya wa bodi, yaani wa hasi, huwa wa mwisho kufungwa na wa kwanza kusahauliwa. Unatakiwa ukae kwenye bati lililokwanguliwa rangi, kwa boliti, na kiunganishi cha mviringo kilichobanwa vizuri. Skrubu iliyopigwa kwenye plastiki au kwenye bati lenye rangi huleta vituko visivyoeleweka: alamu inalia mwenyewe, rimoti inafungua mlango mmoja na kuacha mwingine. Probox zinazobeba samaki zina tatizo lao. Maji ya barafu huvuja kutoka kwenye masanduku ya mbuta, hupenya chini ya zulia na kukaa. Fundi akifunga waya wa bodi kwenye sakafu ya gari kama hilo, baada ya muda utakuta kiunganishi kimeota kutu na shaba imegeuka kijani hadi ndani ya ganda. Anayelijua gari la Mbita au Sori huweka waya huo juu, nyuma ya deshibodi, na haoni haja ya kukueleza sababu.

Tuje kwenye kukata. Kila alamu ina njia ya kulizuia gari lisiwashwe, na hapa ndipo fundi anapoonyesha busara au kuikosa. Anaweza kukata waya wa stata, wa pampu ya mafuta, au wa injini. Wengi hupendekeza pampu, eti mwizi azimikiwe barabarani. Lakini rilei ni kitu cha bei ndogo chenye miguu ya bati, na siku itakapochoka haitachagua kati ya mwizi na wewe. Gari linalozimika katikati ya barabara ya kwenda Isebania, lori la makontena likiwa nyuma, usukani umekuwa mzito na breki zimekuwa ngumu, si ulinzi. Likikatwa kwenye stata, rilei ikifa ukiwa safarini unaendelea na safari. Tatizo utalikuta umeegesha. Nikiwa mimi, stata na si kwingine.

Itazame rilei yenyewe, maana kuna jambo ambalo wachache huliangalia. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili. Fundi mzembe huilisha koili moto wa betri wa kudumu, kwa hiyo kila unapofunga gari kwa rimoti, koili inashika na kubaki imeshika usiku kucha, ikila karibu miliampea 150. Fundi makini huilisha kutoka waya wa injini. Gari likiwa limelala haili kitu, na inashika pale tu mtu anapozungusha ufunguo wakati alamu imewekwa. Tofauti ni waya mmoja kuhamishwa sentimita chache. Lakini liache gari la kwanza nyumbani Ndhiwa, uende Nairobi kwa basi wiki moja: miliampea 150 kwa saa 168 ni ampea-saa 25, na betri ndogo ya Corolla ina kama 35. Ukirudi utaomba vijana wakusukumie, kisha uende kununua betri mpya ambayo nayo itakufa vivyo hivyo.

Kwa hiyo omba kipimo cha ulaji wa usiku, na ukae ukione. Waya hasi wa betri unafunguliwa, mita inawekwa katikati upande wa ampea, milango inafungwa, alamu inawekwa, mnasubiri nusu saa vitu vyote vilale. Gari zima likila chini ya miliampea 50, kazi ni safi. Likila 200, kuna kitu hakilali, na fundi akitafute kabla hajalipwa. Usikubali kuwasha gari mita ikiwa pale. Fyuzi ya mita haitavumilia. Kipimo cha pili ni cha stata: mita upande wa volti, sindano moja kila upande wa kiungio cha waya wa stata, mtu azungushe ufunguo. Tofauti ikipita volti 0.2, kiungio hicho kinakula moto unaotakiwa na stata. Fundi anayefanya kipimo hiki bila kuombwa, andika namba yake.

Kuhusu kuwasha kwa rimoti, ubora mkubwa wa fundi unaweza kuwa ni kukataa. Nilisimama kwenye gereji moja Migori wakati mzee alipofika na Corolla yake na boksi jipya mkononi.

"Fundi, niwekee yote. Na ile ya kujiwasha."

"Jaduong', alamu nitaiweka leo. Ya kujiwasha siweki."

"Mbona? Boksi nimelilipia lote."

"Boksi ni lako, na waya zake nitakurudishia. Gari lako ni la gia za mkono na handbreki imechoka, wewe mwenyewe unaliacha kwenye gia ya kwanza ukilala. Sasa mtoto achukue rimoti achezee. Nani atakuwa amesimama mbele?"

Mzee alinyamaza, kisha akacheka. Aliwekewa alamu peke yake. Gari la gia za mkono lililoachwa kwenye gia hupiga hatua mbele stata inapozunguka, na injini ikishika linaendelea. Yapo maboksi yenye utaratibu wa kuhakikisha gia imetolewa kabla dereva hajatoka, nao unafanya kazi ukifuatwa, ila unategemea swichi ya handbreki na swichi za milango, vitu ambavyo kwenye gari la zamani ndivyo vya kwanza kufa. Gari la kabureta nalo nalikatalia. Asubuhi linataka mguu kwenye kanyagio, na rimoti haina mguu.

Kwa gari la gia za kujibadili, muulize fundi aliuchukulia wapi waya wa stata. Toyota huweka swichi ya usalama kati ya ufunguo na stata, ili gari lisiwake likiwa kwenye D. Fundi akiungia juu, kwenye waya za ufunguo, swichi hiyo inaendelea kulinda. Akipeleka waya wake hadi kwenye stata yenyewe kwa kuwa huko ni rahisi kufikia, ameiruka, na hakuna atakayejua hadi siku ya ajali. Halafu kuna kipini cha boneti. Washa gari kwa rimoti, fungua boneti: injini izime papo hapo, bila kusita. Bila kipini hicho, fundi mwingine atakuwa ameingiza mkono kwenye mkanda wa altaneta siku ambayo mtoto wako atabonyeza kitufe ndani ya nyumba. Gusa pia breki bila ufunguo kuwemo, lizime. Na gari la kuwashwa kwa rimoti lisilale kwenye gereji iliyofungwa iliyoungana na nyumba. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kumwonya aliyelala.

Tega sikio injini inaposhika. Stata iachie mara moja. Ukisikia msago wa chuma baada ya injini kushika, fundi hakuunganisha waya unaoliambia boksi kwamba injini inazunguka. Ameliachia muda wa kukisia. Jaribu asubuhi gari likiwa baridi, jaribu tena likiwa moto, kwani muda wa kukisia hufaulu upande mmoja tu. Hiace ya dizeli ina mtego wake: plagi za joto zinahitaji sekunde kadhaa kabla ya stata, na boksi halisubiri mpaka liambiwe. Homa Bay kuna joto, gari litawaka hata fundi akilisahau jambo hilo. Lilaze Kisii usiku mmoja, alfajiri litakusomea ripoti yake.

Magari yenye chipu ndani ya ufunguo huleta kishawishi kibaya. Ili rimoti iweze kuwasha, baadhi ya mafundi huchukua chipu ya ufunguo wa akiba na kuifunga kwa tepu karibu na swichi, daima. Gari linawaka, mteja anafurahi, na tangu siku hiyo ufunguo wowote uliochongwa mtaani unaliwasha. Ipo njia sahihi, ya kifaa kidogo kinachoiamsha chipu pale tu rimoti inapoamuru. Uliza swali hilo waziwazi, na mwambie akuonyeshe.

Rimoti nayo ina jaribio lake rahisi. Ipeleke kwa kijana anayenakili rimoti za mageti. Akiweza kuinakili kwa kuziweka mbili uso kwa uso, basi msimbo wake haubadiliki, na aliyeweza kusimama karibu nawe sokoni ukifunga gari anaweza vilevile. Bima ya wizi hupendelea gari lenye kifaa cha kulizuia, ila kuchagua kifaa cha aina gani si kazi yake. Hiyo ni juu yako. Kihisi cha mtikiso hakinichukulii muda: piga kioo kwa kiganja, alamu ilie, lori lipite, inyamaze, radi ya ziwani iwe katikati.

Cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, ukikikuta ukutani, kisome na ukiheshimu, kisha bado uombe kuona gari alilolifunga mwaka uliopita. Kazi ya jana kila mtu anaipenda. Ya mwaka jana imepita jua, masika na vumbi, na mwenye gari huwa na maneno.

Kabla hujalipa, dai vitu viwili. Kimoja ni kitufe kidogo cha kuizima alamu kwa ufunguo, rimoti ikipotea au betri yake ikifa. Ujue kiko wapi, na ukitumie mbele ya fundi ili uhakikishe kinakubali. Cha pili ni karatasi. Mchoro wa mkono unatosha: waya upi wa boksi umeungwa na upi wa gari, fyuzi iko wapi, rilei iko wapi. Wapo wanaokataa kuitoa kwa hofu ya kuibiwa siri, wengine kwa kuwa hawawezi kuichora, na utawatofautisha kwa kuwaomba wakuelezee kwa mdomo.

Na kama umenunua gari lenye kazi mbovu tayari, usilipie marekebisho ya kiungio kimoja kimoja. Itolewe yote. Fundi afungue betri, aanze na waya wa stata uliokatwa, aurudishe mzima kwa kiungio kilicholehemiwa na kufunikwa, kisha wa injini, kisha zile ndogo, akihesabu kila waya wa boksi unaotoka. Betri irudishwe, gari liwashwe kwa ufunguo likiwa baridi, lizungushwe mjini hadi lipate moto, liwashwe tena, na ulaji wa usiku upimwe upya kabla kava ya usukani haijarudishwa mahali pake.